Zaburi za Kuomba na za Kuimba: Tunajibu Barua za Malindi na Lamu

Barua nyingi za toleo hili zimetoka pwani ya kaskazini, na karibu zote zinauliza kuhusu Zaburi. Tumechagua saba. Zilizokuwa ndefu tumezifupisha, na majina hatukuyaandika, kama wenyewe walivyoomba. Mistari tunayoinukuu ni ya Biblia ya Union Version.

Naongoza kwaya ya vijana hapa Malindi. Mchungaji anataka kila Jumapili zaburi moja isomwe au iimbwe na kanisa zima, isiwe ya kwaya peke yake. Tumejaribu, lakini watu wanasinzia na wengine hawafuati. Tunakosea wapi?

Ndugu, makosa huwa mawili: zaburi iliyochaguliwa, na mahali mnapokata mistari.

Anzeni na zaburi iliyotungwa kwa kuitikiana. Zaburi 136 ina mistari 26, na nusu ya pili ya kila mstari ni ileile: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Asiyejua kusoma ataidaka kufikia mstari wa tatu, na watoto pia. Tena hamzushi jambo geni, maana maneno hayo ndiyo yaliyoimbwa hekalu la Sulemani lilipowekwa wakfu (2 Mambo ya Nyakati 5:13 na 7:3).

Wekeni wasomaji watano. Wa kwanza asome mstari 1 hadi 3, ulipo mwito wa kushukuru. Wa pili achukue 4–9, habari za kuumbwa mbingu na nchi. Wa tatu 10–15, kutoka Misri na kuvuka Bahari ya Shamu. Wa nne 16–22, jangwani na wale wafalme walioshindwa. Wa tano 23–26, na huyu awe msomaji wenu bora, kwa sababu hapo ndipo zaburi inapotoka kwenye historia na kuwageukia walioketi kanisani: "Aliyetukumbuka katika unyonge wetu." Akiupita mstari huo mbiombio, zaburi nzima imeanguka.

Ngoma na kayamba zilie kwenye kiitikio tu, msomaji akianza zinyamaze. Kwa mwendo mzuri mtamaliza kwa dakika nne hivi. Mkifika sita, jueni kiitikio kinavutwa; dawa yake ni mpiga ngoma kushikilia mwendo, kiongozi akipaza sauti ndiyo kwanza watu watavuta zaidi. Kosa la kinyume ni msomaji kudakia kabla ya watu kumaliza. Asubiri neno "milele" liishe, avute pumzi, ndipo aendelee.

Halafu kuna jambo la matoleo ya Biblia. Mmoja ana Union Version ya karatasi, mwenzake ana Habari Njema kwenye simu, na mama wa mbele amekariri maneno ya zamani. Maneno yakigongana, watu huona haya na kunyamaza, nanyi mnadhani wamesinzia. Chagueni toleo moja, mchape maneno kwenye karatasi au myaweke ukutani.

Zaburi isiyo na kiitikio, kama ya 103, igaweni kwa nusu-mstari: upande wa kulia wa kanisa husema nusu ya kwanza, wa kushoto hujibu. Sisi tuliolelewa na tenzi za Lamu tumezoea ubeti wa vipande vinne, mizani nane kila kipande, na kina cha mwisho kinachorudi hadi utenzi uishe. Mashairi ya Kiebrania hayaendi kwa vina. Kipande cha pili hurudia wazo la cha kwanza, hulikuza au hulipinga: "Hakututenda sawasawa na hatia zetu, Wala hakutulipa kwa kadiri ya maovu yetu." Mkikata katikati ya kipande, au mkiunganisha vyote viwili kwa pumzi moja, jibu linapotea na kinachobaki ni usomaji wa tangazo.

Mkitaka kuiimba bila kutunga wimbo mpya, shikeni noti moja tangu mwanzo wa nusu-mstari na mshuke mwishoni tu. Ni wapi hasa pa kushuka? Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi noti ibadilike hapohapo: kwenye "mchungaji wangu" badilisheni kwenye *wa*, msingoje *ngu*. Kwaya nyingi huchukua mahadhi yaliyotungwa kwa lugha za Ulaya na kuyabandika juu ya Kiswahili, ndipo unasikia silabi ya mwisho ikivutwa hadi neno halitambuliki.

Ndugu zetu Wakatoliki tayari wana wimbo wa katikati, yaani zaburi ya kuitikiana, katika kila Misa, na utaratibu wake ni huohuo: mwimbaji hushika beti, watu hushika kiitikio. Nendeni parokia iliyo karibu mkawasikilize, hakuna atakayewafukuza.

Mimi ni Muislamu, mkaazi wa Langoni, Lamu. Kwetu Zaburi ni kitabu alichopewa Nabii Daudi. Rafiki yangu Mkristo aniambia nyingine si za Daudi. Yawaje?

Ahsante kwa swali lako. Ni kweli kwamba Qur'ani yataja Zaburi kuwa alipewa Daudi, katika sura ya 4 aya ya 163 na sura ya 17 aya ya 55. Kitabu kinachoitwa Zaburi katika Biblia kimepangwa kwa namna yake: ni mkusanyo wa nyimbo na sala 150, na nyingi zina kichwa kinachotaja mtu. Jina la Daudi liko kwenye 73. Asafu ana 12 (ya 50, na 73 hadi 83). Wana wa Kora wana 11, Sulemani mbili (72 na 127), Musa moja (90), na nyingine hazina jina kabisa. Wana wa Kora, kwa njia, ni kizazi cha yule Kora aliyemwasi Musa jangwani. Baba aliangamia, watoto wakasalimika, na uzao wao ukaishia kuwa waimbaji wa hekalu.

Ziko ambazo tarehe yenyewe yakataa. Zaburi 137 yaanza kando ya mito ya Babeli, watu wakilia wakiwa uhamishoni. Yerusalemu ilibomolewa mwaka 586 KK, na Daudi aliishi karibu mwaka 1000 KK. Kwa hiyo rafiki yako hakukosea, ila naye akubali kwamba Daudi ndiye jina kubwa kuliko yote humo.

Pakukutana pia papo. Sura ya 21 aya ya 105 yasema imeandikwa katika Zaburi kwamba ardhi watairithi waja wema. Fungueni pamoja Zaburi 37:29: "Wenye haki watairithi nchi, Nao watakaa humo milele."

Mtoto wangu ni mgonjwa mwaka wa pili sasa. Nikiomba kwa machozi, wenzangu wa ibada ya nyumbani hapa Mpeketoni wananiambia nisinung'unike, nimshukuru Mungu tu, la sivyo imani yangu ni haba. Nimefika mahali siwezi kuomba.

Pole sana, mama. Wenzako hawakuambii jambo ambalo Biblia inalisema. Karibu theluthi ya Zaburi ni vilio, na vilio hivyo viliwekwa katika kitabu cha ibada ili viimbwe mbele ya watu, mbele za Mungu. Yesu msalabani alishika Zaburi 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", na akakata roho na maneno ya Zaburi 31:5. Hakuna aliyethubutu kumwambia imani yake ni haba.

Chukua Zaburi 13. Ni fupi, mistari sita, na sehemu zake zinaonekana wazi. Mistari miwili ya kwanza ni malalamiko, na "hata lini" inarudi mara nne: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Angalia kwamba hazungumzi pembeni juu ya Mungu, anamwambia usoni. Kunung'unika kule jangwani kulikolaaniwa kulikuwa watu kusemezana wao kwa wao hemani. Huku ni kumwendea mwenyewe. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi, na ni ombi la wazi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Mstari wa 5 na wa 6 ni tumaini.

Siku ya kwanza soma kwa sauti mistari 1 na 2 tu, mara tatu, polepole. Chumbani, jikoni, popote ulipo peke yako. Kisha tia "hata lini" yako mwenyewe, sentensi moja au mbili, bila kupamba: hata lini homa hii, hata lini safari za hospitali. Ishia hapo. Baada ya siku mbili au tatu ongeza 3 na 4, na utaje unachotaka kwa jina lake. Mistari ya mwisho uisome ukiwa tayari. Ukiona haitoki kinywani, mwombe mtu mmoja unayemwamini aisome kwa niaba yako wakati wewe umenyamaza. Zaburi ni mali ya kusanyiko, na mwenzio aweza kukubebea sehemu yako.

Kinachoharibu mambo ni kuruka. Mtu hufungua zaburi ya kilio na kwenda moja kwa moja kwenye mstari wa shukrani, halafu anashangaa mbona ni mkavu. Kati ya mstari wa 4 na wa 5 kuna mgeuko ambao mtunzi hakuueleza. Hakusema ulichukua saa moja au miaka mitatu.

Na ikiwa hata hiyo ni nzito, ipo Zaburi 88, ya mtunzi aitwaye Hemani. Inalia kutoka mwanzo hadi mwisho na haigeuki kabisa, inaishia gizani. Wazee waliokusanya kitabu hiki wangeweza kuibandika mstari wa furaha mwishoni. Hawakufanya hivyo. Wasomee wenzako hiyo jioni moja, kisha uwaulize kama Hemani naye hakuwa na imani.

Sisi ni wavuvi wa Watamu. Kuna zaburi ya kuombea chombo kabla ya kutoka?

Ipo. Zaburi 107 inataja makundi manne ya watu waliookolewa: waliopotea jangwani, wafungwa, wagonjwa, na mabaharia. Sehemu yenu ni mstari 23 hadi 32, inayoanza "Washukao baharini katika merikebu." Aliyeitunga alijua bahari iliyochafuka: mawimbi yanapanda mbinguni na kushuka vilindini, watu wanapepesuka kama walevi, na ujuzi wote wa unahodha umekwisha.

Someni 23 hadi 28 mkiwa bado ufuoni. Malizieni 29 hadi 32 mkisharudi, na msome mbele za watu, maana mstari wa 32 unataka shukrani itolewe katika kusanyiko. Wengi husoma yote asubuhi, na jioni hawaonekani kuja kushukuru! Kusoma hakuondoi kuangalia hali ya hewa. Kusi ikichachamaa, zaburi yenyewe inasimulia yaliyowapata waliokuwa majini.

Jirani amenidhulumu shamba Mambrui, na kesi haiishi. Katika kesha nimeelekezwa nisome Zaburi 109 saa sita za usiku kwa siku saba, mbele yangu niweke maji na chumvi, na nilitaje jina lake. Ni sawa?

Kuisoma Zaburi 109 ni sawa. Huo utaratibu mwingine si sawa, na tutakueleza kwa nini, maana barua za namna hii ni nyingi na wanaouza maelekezo hayo wamezidi.

Saa, idadi ya siku, maji, chumvi: hakuna hata kimoja kilichomo kwenye zaburi hiyo. Vimeletwa kutoka nje, na vinaigeuza sala kuwa kombora la kumrushia mtu. Sasa tazama zaburi yenyewe. Ina mistari 31 na adui hatajwi jina popote. Anayesemeshwa tangu mwanzo ni Mungu. Mtunzi anaanza kwa kueleza kwamba aliwapenda watu hao na aliwaombea, nao wakamshitaki. Laana kali ziko mstari wa 6 hadi wa 19, na hapo kuna jambo la kuangaliwa: kabla yake maadui ni wengi, "wao", ghafla wanakuwa mmoja, "yeye", mstari wa 20 wanarudi kuwa wengi. Kwa sababu hiyo wako wataalamu wanaosema maneno ya 6–19 ni mashitaka ya maadui dhidi ya mtunzi, naye anayarudia mbele za Mungu kama mtu anayesoma hati ya mashitaka yake mwenyewe. Wengine wanasema ni maneno yake. Kwa vyovyote, aliyekuelekeza, kama amekupa sehemu hiyo tu, amekukatia kipande kisicho na kichwa wala miguu.

Mandhari yake ni mahakama. Mstari wa 6 unamweka mshitaki asimame mkono wa kuume wa mshitakiwa. Mstari wa 31, wa mwisho kabisa, unasema anayesimama mkono wa kuume wa mhitaji ni Mungu, ili amwokoe na wanaomhukumu. Safari yote ya zaburi iko kati ya kuume hizo mbili. Hupati hilo ukiishia mstari wa 19.

Wengi hutumia vivyo hivyo Zaburi 91, wakaibandika mlangoni au kuilaza chini ya mto wa mtoto. Kumbuka ni nani aliyeinukuu juu ya kinara cha hekalu, Mathayo 4:6. Ibilisi alichukua mstari wa 11 na wa 12 akamwambia Yesu ajitupe. Mistari ilikuwa ileile. Kilichoharibika ni matumizi.

Kanisa Katoliki, lilipotengeneza upya sala zake za vipindi vya siku mwaka 1971, liliacha nje zaburi tatu nzima kwa sababu ya ukali wake: 58, 83 na 109. Sababu zao tunazielewa, lakini sisi tunaona zibaki. Hasira ya mtu aliyenyang'anywa shamba haiishi kwa kunyimwa maneno. Huyatafuta kwingine, na kwingine huko ndiko kwenye maji na chumvi.

Fanya hivi. Anza na Zaburi 7 mstari wa 3 hadi wa 5, ambapo mwombaji anajichunguza kwanza: ikiwa mimi ndiye niliyetenda uovu, adui na anifuatie. Usipoweza kuyasema hayo kuhusu shamba lako, usiendelee. Ukiweza, soma 109 yote kwa kikao kimoja, mchana, pamoja na mzee wa kanisa. Ukifika mstari wa 28, unaopambanisha kulaani kwao na kubariki kwa Mungu, nyamaza kidogo. Funga na Luka 6:28. Mara moja yatosha. Ukirudia kila usiku utakuwa unailisha hasira badala ya kuikabidhi. Kisha panga hati zako na mashahidi wako kwa ajili ya mahakama ya ardhi. Aliyeiomba zaburi hii alikuwa na kesi, wala hatusomi popote kwamba aliacha kwenda kujitetea.

Bibi yangu ana kitabu cha sala cha zamani, na humo "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni Zaburi ya 22. Kwenye Biblia yangu ni 23. Nani amekosea? *(Msomaji, Witu)*

Hakuna. Kitabu cha bibi kinafuata hesabu ya tafsiri ya kale ya Kigiriki, iliyorithiwa na Kilatini. Biblia yako inafuata Kiebrania. Kigiriki kiliunganisha ya 9 na ya 10, kwa hiyo kuanzia 11 ya Biblia yako hadi 113, toa moja upate ya bibi. Ya 114 na 115 zimeunganishwa kuwa 113, ya 116 imekatwa kuwa mbili, halafu toa moja tena kutoka 117 hadi 146. Ya 147 nayo imekatwa kuwa mbili, ndipo 148 hadi 150 zinalingana. Jumla ni 150 kote.

Mistari nayo huweza kuhitilafiana, kwa sababu baadhi ya Biblia huhesabu kichwa cha zaburi kuwa mstari. "Uniumbie moyo safi" ni 51:10 kwako, na kwingine ni 51:12. Mkisoma pamoja, mtajiane maneno ya kwanza na kuacha namba.

Nafanya kazi hotelini, zamu zinabadilika kila wiki. Nataka kuzipitia Zaburi zote kama sala. Nifuate mpango gani?

Mpango uliozoeleka kwa Waanglikana ni wa siku 30, asubuhi na jioni: siku ya kwanza 1–5 asubuhi na 6–8 jioni, hivyo hadi 147–150 jioni ya siku ya 30. Ni wastani wa zaburi tano kwa siku, lakini mzigo haulingani. Jioni ya siku ya 15 ni Zaburi 78 peke yake, yenye mistari 72, na ile ya 119 yenye mistari 176 imetandazwa tangu jioni ya siku ya 24 hadi jioni ya 26.

Kwa mtu wa zamu tunaona huo utakushinda kufikia wiki ya pili. Soma moja kabla ya kuingia kazini na moja ukitoka, saa zozote zitakazokuwa, na ya 119 uigawe kwa mafungu yake 22 ya mistari minane minane. Utamaliza kwa siku 86, karibu miezi mitatu. Soma kwa sauti, hata kwa kunong'ona kwenye matatu; ukisoma kwa macho tu utajikuta unatafuta mafundisho na umeacha kuomba. Weka alama kwa penseli mahali ulipofika. Siku ukikosa, endelea pale penye alama bila kulipa deni, kwa sababu anayesoma zaburi kumi kwa pamoja ili kufidia huwa amepita juu ya kilio, shukrani na toba ndani ya robo saa, na hakuna aliyoiomba.